Robert Felkin, Mwanafunzi Aliyeandika Alichokiona

Ndugu msomaji, huenda katika kijiji chako yuko mama aliyejifungua kwa kupasuliwa tumbo. Huenda mama huyo ni dada yako au mke wako. Huenda ni wewe mwenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kazi hiyo ililetwa Afrika na Wazungu. Soma habari hizi, nawe utaona kwamba sivyo.

Hapa utasoma maisha ya Robert Felkin. Alikuwa kijana Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari. Alifika nchi ambayo leo inaitwa Uganda, akaona kazi ya fundi mmoja Mwafrika, akaiandika. Kwa sababu aliiandika, sisi leo tunaijua.

1. Utoto na shule

Robert William Felkin alizaliwa mwaka 1853 huko Beeston, karibu na mji wa Nottingham, Uingereza. Alisoma shule katika mji wa Wolverhampton. Alipokuwa bado mvulana alikutana na Daktari David Livingstone.

Jina la Livingstone si geni kwako wewe unayekaa mkoa wa Kigoma. Huyu ndiye aliyekuwa Ujiji mwaka 1871, akiwa mgonjwa na amechoka, Stanley alipomfikia. Kabla ya kufika Ujiji, Stanley alipita katika nchi ya Buha. Wakuu wa Waha walimtoza hongo ya nguo mara nyingi. Mwishowe aliondoka usiku kwa siri na kupita porini, ili asitozwe tena.

Livingstone alikuwa mhubiri na tena daktari. Mvulana Felkin alipendezwa na habari zake. Akakata shauri kwamba yeye naye atakuwa daktari, na atakwenda Afrika.

Mwaka 1876 alianza kusomea udaktari katika mji wa Edinburgh, katika nchi ya Uskoti. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 23.

2. Hofu ya madaktari wa Ulaya

Kabla hatujaendelea, ni lazima uelewe jambo moja. Wakati mwingine mtoto hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida. Pengine amelala kwa kukingama. Pengine nyonga za mama ni nyembamba mno. Pengine kondo la nyuma limeziba njia. Hapo mama anaweza kukaa na uchungu siku mbili au tatu, halafu akafa yeye na mtoto wake. Njia ya kuwaokoa ni kupasua tumbo la mama na kumtoa mtoto.

Siku hizo madaktari wa Ulaya waliiogopa sana kazi hiyo. Waliifanya mara chache tu, pale walipokosa njia nyingine. Mara nyingi mama alikufa. Wengine walikufa kwa kutokwa na damu nyingi. Wengine walikufa baada ya siku chache, kwa homa na kuoza kwa kidonda.

Kwa nini kidonda kilioza? Kwa sababu ya vijidudu vya ugonjwa. Vijidudu hivyo ni vidogo mno, havionekani kwa macho matupu. Vilikuwa katika mikono ya daktari, katika visu na katika nguo zake. Madaktari wengi walikuwa hawajajua habari hiyo.

Daktari mmoja, jina lake Joseph Lister, alianza mwaka 1865 kusafisha vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu. Alifundisha Edinburgh mpaka mwaka 1877. Lakini madaktari wengine walikuwa hawajakubali mafundisho yake. Huo ndio udaktari ambao Felkin alikuwa akiusoma.

3. Safari ya kuja Afrika

Mwaka 1878 Felkin alikatiza masomo yake. Alikuwa hajapata cheti cha udaktari. Yeye na wenzake walitumwa na chama cha wamisionari cha CMS kwenda kwa Mutesa, Kabaka wa Buganda.

Hawakupita njia ya Zanzibar na Tabora. Walipita Sudan, wakaufuata mto Nile kuelekea kusini. Safari ilikuwa ndefu na ngumu. Mwezi Februari mwaka 1879 Felkin alifika Rubaga, makao makuu ya Kabaka.

Mutesa alikuwa mgonjwa. Felkin alimtibu, ingawa alikuwa mwanafunzi tu. Basi alikuja Afrika akiwa mtu wa kutibu na kufundisha. Lakini mwaka huohuo aliona jambo ambalo walimu wake wa Edinburgh walikuwa hawajamfundisha.

4. Siku ya Kahura

Jambo hilo lilitokea mahali ambapo Felkin alipaita Kahura. Wanahistoria wengi husema palikuwa katika nchi ya Bunyoro.

Alikuwako mwanamke kijana, umri wake yapata miaka 20. Hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza.  Mafundi walimpasua ili kumtoa mtoto. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume.

Felkin alikuwapo. Aliangalia kila kitu kwa makini. Hivi ndivyo alivyoeleza.

Mama alilazwa juu ya kitanda kilichoinama. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi nyingi, hata akalewa nusu. Pombe ilipunguza maumivu. Alifungwa kifuani na mapajani kwa nguo ya magome ya mti, asije akatikisika. Msaidizi mmoja alimshika miguu. Mwingine alilishika tumbo lisiende huku na huku.

Fundi mkuu alisimama upande wa kushoto wa mama, ameinua kisu, akanuiza maneno ya dua. Kisha aliosha mikono yake kwa pombe ya ndizi, halafu kwa maji. Akaosha na tumbo la mama vilevile.  Akapiga kelele kali, na watu waliokuwa nje wakaitikia.

Alipasua mara moja, kwa haraka, toka juu kidogo ya kinena mpaka chini kidogo ya kitovu. Mishipa iliyotoka damu iliguswa kwa chuma cha moto, damu ikakatika. Kisha akaupasua mfuko wa uzazi zaidi. Mtoto akatolewa upesi, kitovu kikakatwa, akapewa msaidizi.

Fundi aliweka kisu chini. Akaushika mfuko wa uzazi kwa mikono yote miwili, akaukamua. Alitoa kondo la nyuma na mabonge ya damu. Hakuushona mfuko wa uzazi, bali aliuacha ujikaze wenyewe.

Kisha walimfunika mama kidonda kwa mkeka wa majani. Wakamgeuza ubavu, ili maji na damu iliyobaki ndani itoke nje. Wakamrudisha chali. Wakaikutanisha midomo ya kidonda, wakaibana kwa pini saba nyembamba za chuma zilizong'arishwa. Wakazifunga pini kwa kamba ya magome. Juu yake wakapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa. Wakafunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto, wakafunga kwa nguo.

Mama hakulia mpaka pini zilipoanza kutiwa. Saa moja baadaye alikuwa ametulia.

5. Siku kumi na moja

Hapa, msomaji, ndipo unapoona ubora wa mwanafunzi huyu. Mtu mwingine angeshangaa siku ile, akaenda zake. Baadaye angewasimulia watu, na kila akisimulia angeongeza chumvi. Felkin hakufanya hivyo. Aliendelea kumfuatilia mama yule na mtoto wake siku baada ya siku.

Alipima joto la mwili wa mama. Siku ya pili usiku lilipanda mpaka nyuzi 38 na kidogo, halikupanda zaidi. Alihesabu mapigo ya moyo. Aliandika kwamba mtoto alipelekwa kwenye titi baada ya saa mbili. Aliandika kwamba maziwa ya mama yalikuwa machache siku kumi za mwanzo, kwa hiyo mwanamke mwingine alisaidia kumnyonyesha mtoto.

Siku ya tatu kidonda kilifunguliwa na kusafishwa, na pini moja ikatolewa. Siku ya tano zikatolewa tatu. Siku ya sita zikatolewa zilizobaki. Mtoto alikuwa na jeraha dogo begani alilopata wakati wa kupasua. Lilipona kwa siku nne. Siku ya kumi na moja kidonda cha mama kilikuwa kimepona. Mama hai, mtoto hai.

Fikiri juu ya jambo hilo. Ulaya, penye hospitali kubwa na vyuo vikubwa, mama wengi waliopasuliwa walikuwa wakifa. Huku Kahura, ndani ya nyumba ya majani, mama alipona. Fundi aliosha mikono kabla ya kupasua. Alijua kuzuia damu. Alijua kuukamua mfuko wa uzazi. Kila msaidizi alijua kazi yake. Watu hawawezi kufanya kazi namna hiyo kwa kubahatisha. Bila shaka walikuwa wamejifunza kwa wakubwa wao.

6. Habari zafika Edinburgh

Mwaka huohuo wa 1879 Felkin aliondoka Buganda. Alisafiri pamoja na wajumbe watatu ambao Mutesa aliwatuma kwa Malkia Victoria. Walipita tena Sudan, wakafika Uingereza mwaka 1880. Mwaka 1882 yeye na mwenzake Wilson walitoa kitabu juu ya safari zao.

Felkin alirudi kwenye masomo yake. Mwezi Januari mwaka 1884 alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi mjini Edinburgh. Akawasomea habari za uzazi katika nchi alizopita, na habari za Kahura zikiwamo. Aliwaonyesha michoro. Mmoja ulionyesha jinsi mama alivyolazwa na kufungwa. Mwingine ulionyesha kisu cha fundi. Mwaka huohuo maneno yake yalipigwa chapa katika jarida la madaktari wa Edinburgh.

Mwaka 1884 alipata cheti cha udaktari. Mwaka 1885 alipata shahada ya juu zaidi katika chuo cha Marburg, Ujerumani. Baadaye alifundisha Edinburgh juu ya magonjwa ya nchi za joto, kama vile malaria. Mwaka 1889 alitoa kitabu kinachoonyesha magonjwa hayo yako katika nchi zipi.

Uzeeni alihamia New Zealand, nchi ya visiwa iliyo mbali sana, upande wa kusini wa dunia. Alifariki huko mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 73.

Aliandika mengi katika maisha yake. Lakini madaktari wa leo wanamkumbuka zaidi kwa kurasa chache alizoandika juu ya mama wa Kahura.

7. Majina yaliyopotea

Tumemsifu Felkin. Sasa tuseme na upungufu wake.

Katika habari zake hakuandika jina la fundi mkuu. Hakuandika jina la mama, wala jina la mtoto. Tunajua pini zilikuwa saba. Tunajua mapigo ya moyo wa mama. Lakini aliyefanya kazi ile hatumjui jina. Mzungu aliyeangalia, jina lake limo vitabuni. Mwafrika aliyefanya, jina lake limepotea.

Je, kosa ni la Felkin peke yake? Siku hizo Wazungu wengi hawakuona haja ya kuandika majina ya Waafrika. Hilo ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine pia. Mafundi wale hawakuwa na maandishi. Ujuzi wao ulikaa kichwani na mikononi. Baadaye zikaja vita katika Bunyoro, watu wengi wakafa, nchi ikaharibika. Mwenye ujuzi akifa bila kumfundisha mwingine, ujuzi wake huzikwa pamoja naye.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali.

8. Sisi wa Kasulu na Kibondo

Sasa turudi kwetu. Migomba ya Kahura ni kama migomba ya Kasulu na Kibondo. Pombe ya ndizi unaijua. Lakini usije ukasema kwamba basi tufanye kama walivyofanya wao. Hapana. Yule mama alipona, lakini wengine hawakupona. Felkin mwenyewe alieleza kwamba kazi hiyo ilifanikiwa mara nyingine tu.

Leo ziko njia zilizo bora zaidi. Mama huchomwa sindano ya ganzi, hahitaji kuleweshwa. Tena tunajua kwamba pombe humdhuru mtoto aliye tumboni. Vyombo vyote huchemshwa kwa mvuke wa moto ili kuua vijidudu. Mfuko wa uzazi hushonwa. Mama akipungukiwa damu, huongezewa. Mizizi iliyotafunwa haitiwi kidondani, maana mate yana vijidudu.

Shida yetu kubwa ilikuwa umbali. Kutoka mji wa Kibondo mpaka hospitali ya mkoa ya Maweni, Kigoma, ni zaidi ya kilomita 200. Mama mwenye uchungu uliokwama hawezi kungoja safari kama hiyo. Hospitali za wilaya zilisaidia, lakini vijiji vingi viko mbali nazo pia.

Kuanzia mwaka 2006 ulifanyika mradi mkubwa katika mkoa wa Kigoma. Vituo vya afya vya vijijini vilijengewa vyumba vya upasuaji. Madaktari wasaidizi, matabibu na wauguzi wakunga walifundishwa kazi ya kuwapasua akina mama na kutia ganzi. Baadhi ya watu waliona ajabu. Walidhani kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyekuwa na shahada ya chuo kikuu. Lakini Tanzania ilikwisha kuwatumia madaktari wasaidizi kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1960, na akina mama wengi wameokolewa nao. Mafundi wa Kahura pia hawakuwa na shahada. Walikuwa wamefundishwa vizuri, na walifuata taratibu za kazi yao.

Wewe nawe una kazi yako. Mke wako au binti yako akipata mimba, aende kliniki mapema. Akitokwa na damu, asingoje kesho. Akishikwa na degedege, au akiumwa sana kichwa na kuona giza, asingoje. Uchungu ukipita saa 12 bila mtoto kuzaliwa, apelekwe kituoni mara moja. Wekeni fedha za usafiri mapema, na mjue ni nani mwenye chombo cha kumbeba. Mama aliyekwisha kupasuliwa asijifungulie nyumbani mimba inayofuata. Kovu la mfuko wa uzazi linaweza kupasuka.

Na kwa kuwa sasa unajua kusoma na kuandika, fanya kama Felkin alivyofanya. Soma kadi ya kliniki, ujue kilichoandikwa. Andika tarehe ya hedhi ya mwisho. Uchungu ukianza, tazama saa, uandike. Mganga wa kituo akikuuliza, hutasema tangu jana au juzi, utamwambia saa ngapi. Jambo hilo dogo linaweza kuokoa maisha ya watu wawili.

Tena kaa na bibi mkunga wa kijiji chako. Mwulize ameona nini katika miaka yake yote. Andika anayokueleza, yaliyo mema na yaliyo ya hatari pia, mpate kuyajadili na mwuguzi. Na usisahau kuandika jina lake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mama wengi waliopasuliwa Ulaya walikufa siku hizo?
2. Fundi wa Kahura alifanya nini kabla ya kupasua?
3. Felkin aliandika mambo gani kwa siku kumi na moja? Aliacha kuandika nini?
4. Kutoka kijijini kwenu mpaka kituo chenye chumba cha upasuaji ni umbali gani? Mama akishikwa usiku, mtampelekaje?
5. Ni ujuzi gani wa wazee wa kijiji chenu ambao haujaandikwa mpaka sasa? Nani ataanza kuuandika?